Siku ya Migongo

Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nikaona picha imetundikwa ukutani, mkono huniwasha kuigeuza. Nimetolewa macho katika nyumba nyingi kwa sababu hiyo. Juzi hapa Tanga, katika chumba cha kupanga ambacho sidhani kama nitakaa sana, nilikuta kalenda ya zamani imeachwa msumarini na mpangaji aliyenitangulia. Ilikuwa picha ya ziwa la buluu, nyuma yake milima yenye theluji, na mti mmoja umeinamia maji. Niliigeuza kabla hata sijafungua sanduku langu. Nyuma hapakuwa na neno, ila madoa ya unyevu na harufu ya gundi iliyochacha. Ile harufu ndiyo iliyonikalisha kitandani. Nilikaa na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, nikarudi Unguja.

Gundi ya Bibi yangu ilikuwa uji wa unga wa ngano. Aliupika mzito katika kikopo, akautia ndimu kidogo ili mende wasiule, na mende wakaula vilevile. Kwa uji huo alibandika kila picha iliyoingia mikononi mwake juu ya kipande cha gamba gumu la boksi: lebo za majora ya nguo alizoziomba kwa wenye maduka Darajani, zenye chui na ndovu na mabibi waliovaa mataji, vifuniko vya karatasi vya maboksi ya biskuti, meli iliyokatwa gazetini, na picha za watu, zile za stadio ya mpiga picha, ambazo jamaa na marafiki walipeana siku za sikukuu. Kila gamba alilitoboa juu, akalipitisha uzi, akalining'iniza katika ukumbi wetu wa juu, kule Kajificheni. Chokaa ya ukuta ule ilikuwa ikidondoka kila tukipiga mlango, lakini hukuiona chokaa kwa wingi wa picha.

Na nyuma ya kila gamba Bibi aliandika neno. Watu waliompa picha zao waliandika neno lao wenyewe, kama ilivyokuwa desturi, naye akalinakili kwenye gamba kabla ya kubandika, na zile za lebo na meli aliziandikia yeye, maneno aliyoyaokota kwa muuza samaki, harusini, matangani, au yaliyomjia tu akichagua mchele. "Picha isiyo na neno," alikuwa akisema, "ni ukuta juu ya ukuta."

Kila Alhamisi baada ya alasiri ilikuwa Siku ya Migongo. Bibi alipita na kuzigeuza picha zote, nyuso zikaangalia ukuta na migongo ikatuangalia sisi. Wanawake wa mtaani walipanda ngazi na kahawa yao, wakakaa mkekani, na mmoja akasoma mgongo mmoja kwa sauti. Wengine walibahatisha ni picha gani iliyo upande wa pili, kisha wakabishana kwa nini neno lile na sura ile vimekutana. Nakumbuka nyuma ya chui paliandikwa, "Mwenye kucha ndefu hujikuna taratibu." Jirani yetu Bi Asha, mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona, alishikilia wiki nzima kwamba upande wa pili yupo mume wake. Nyuma ya meli paliandikwa, "Anayekwenda hubeba nyumba, anayebaki hubeba njia." Hilo sikulielewa wakati ule. Sasa nalielewa nusu ya kwanza.

Mimi nililelewa na Bibi huyo, mama wa baba yangu. Baba alimwacha mama nikiwa bado mdogo wa kubebwa, akaenda kufanya kazi bandarini Mombasa, na huko akaoa tena. Mama akarudi kwao Uroa, upande wa mashariki, na yeye pia akaolewa. Mtoto ni wa kuumeni, ndivyo nilivyosikia watu wakisema, kwa hivyo nikabaki mjini. Sikuwa na uso wa mama kichwani. Nilikuwa na jina lake tu, Miza, na jina hilo halikutajwa sana nyumbani kwetu.

Siku moja mwanamke mmoja wa shamba aliyeleta kamba za makumbi kuuza alipanda ngazi zetu, akampa Bibi bahasha. Ndani yake ilikuwamo picha. Bibi aliitazama kitambo kirefu, akageuza, akasoma, akageuza tena. Shangazi Salma, dada mdogo wa baba, aliyekuwa amechumbiwa na akicheka kwa kila kitu siku zile, alichungulia begani kwake.

"Miza huyo! Mama, utamrudishia?"

"Picha hairudishwi," Bibi akasema. "Salamu hairudishwi mlangoni."

Akaipikia gundi kama nyingine, akaitoboa, akaitundika. Lakini aliitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa huioni.

Nilimfuata. "Bibi, ameandika nini?"

Alisoma kwa sauti ya mtu anayehesabu vitunguu. "Kuachishwa ziwa si kuachishwa mama."

Nikaigeuza nimwone huyo mama. Alikuwa kijana, mwembamba, amesimama wima kama askari, mkono mmoja juu ya kiti. Na nyuma yake, wallahi, palikuwa na ziwa. Maji mapana yametulia, milima imejaa weupe kileleni, mti umeinama. Sasa, nyumbani kwetu mtoto alinyonya "nyonyo", na hakuna aliyetumia neno jingine mbele yangu. Ziwa mimi nililijua kutoka skuli. Mwalimu alikuwa na ramani kubwa ya ngozi, akitupigisha kelele: Ziwa Nyanza! Ziwa Tanganyika! Nilitazama ile picha, nikalitazama lile neno, na kila kitu kikanikalia sawasawa kichwani. Nilizaliwa kando ya ziwa. Nikaachishwa, yaani nikatolewa pale nikaletwa huku kwenye chokaa. Mama amebaki kule kule, na ananiambia njia haijafungwa.

"Bibi, ziwa lenyewe ndilo hili?"

Bibi alikuwa na uzi mdomoni. "Ziwa ni ziwa," akasema.

Kama kulibaki shaka, Shangazi Salma aliiondoa. Picha yake ya uchumba ilipotoka stadio, naye alikuwa amesimama mbele ya ziwa lile lile na mti ule ule.

"Shangazi, na wewe umefika?"

"Nimefika, mwanangu," akajibu, akijitazama kwenye kioo. "Maji yake baridi! Nimetia kidole tu, nusura nigande."

Basi si mbali, nikasema moyoni. Shangazi alitoka baada ya chakula cha mchana, na magharibi alikuwa nyumbani.

Nilianza siku hiyo hiyo. "Bibi, nataka kwenda kwa mama." Bibi akasema nikanywe maji. Kesho yake nikasema tena. Nilisema akisuka ukili, nilisema akitia udhu, nilisema akiwa na wageni. Sikulia, maana niliona watoto wanaolia hupewa kashata na mambo yakaisha. Nilisema tu, kwa sauti moja, kama muadhini, mpaka Bi Asha akamwambia Bibi, "Rukia, huyu mtoto mpeleke, ama mrushe baharini, masikio yetu yapumzike."

Bibi akaweka ukili chini. Nadhani alitafuta jambo ambalo mtoto wa kimo changu asingeliweza, na alilipata haraka.

"Raya."

"Naam, Bibi."

"Siku utakayosoma migongo yote, wote huu ukuta, mbele ya watu, bila ya kukosea neno, ntakupeleka Uroa mimi mwenyewe."

Wanawake wakacheka kwa huruma. Walijua alichokifanya. Migongo ile iliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wote, na kwa haraka, bila ya irabu. Mimi chuoni nilikuwa nasoma msahafu wenye irabu zake zote, na skuli nasoma herufi za kizungu. Lakini Kiswahili cha Bibi kilikuwa kitu kingine. Herufi za Kiarabu hazijui tofauti ya "o" na "u", wala "e" na "i". "Penda" na "pinda" ni ndugu pacha. Msomaji hasomi kilichoandikwa. Anasoma anachokijua tayari, na mimi nilikuwa sijui kitu.

Basi nikaanza kujua. Nilipotoka chuoni nilisimama mbele ya ukuta, shingo juu, mpaka ikauma. Nilizinakili herufi kwa mkaa sakafuni, nikapigwa, nikazifuta, nikazinakili kwa kidole kwenye unga. Nilimshika kila mtu mzima aliyepanda ngazi zile. Muuza maji alinisomea migongo miwili, akasema hajaja kufundisha. Alhamisi zilipofika nilikaa karibu na msomaji na kufuatisha midomo yake.

Mara ya kwanza nilipojaribu mbele ya watu nilikwenda vizuri mpaka nikafika mgongo wa picha ya mchumba wa Shangazi Salma. Karani mmoja, kijana wa Mbweni, mwenye adabu nyingi na tarbushi jipya. Nikavuta pumzi, nikasoma kwa sauti kubwa:

"Salma, nakuua kwa heshima na idhini ya wazee wako."

Ukumbi ulipasuka. Bi Asha alilala chali mkekani akipiga miguu. "Mwite! Mwite huyo karani! Na mahari ya kuua ni kiasi gani?"

"Nakuoa!" Shangazi Salma alipiga kelele, uso umemwiva. "Ameandika nakuoa, we mtoto mbaya!"

"Leo anakuoa," Bi Asha akasema akijifuta machozi, "hilo la pili ni baada ya mwaka. Mtoto kasoma mbele zaidi, basi."

Nilisimama pale wakicheka, nikasubiri kicheko kiishe, kisha nikasema, "Alhamisi ijayo ntaanza upya." Bibi hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayeangalia maji yanayopanda ngazi.

Zikapita Alhamisi nyingi. Nilikosea "lea" nikasoma "lia". Nilikosea "mto" nikasoma "moto", na bi harusi mmoja nikamlaza juu ya moto wa sufi. Kila nilipokosea nilirudi mwanzo, lakini jambo moja lilinitokea ambalo sikulitafuta: maneno yalianza kukaa nami. Nilipokuwa natumwa dukani nilikuwa na chui na kucha zake, nilikuwa na meli. Nilianza kubishana nayo njiani, peke yangu, kwa sauti, na watu wa barazani wakaulizana mtoto wa nani yule. Bibi mwenyewe akawa ananiuliza, "Hili unalionaje?" na nilipojibu aliusoma mgongo tena kabla ya kusema langu si kweli. Nafikiri ndizo siku alizonipenda zaidi, na ndizo siku nilizokuwa najifunza kumwacha.

Ikafika Alhamisi ambayo sikuwa na wasiwasi. Nilianza na chui, nikapita kwa meli, nikamwoza Shangazi Salma kwa karani salama salimini, wanawake wakapiga vigelegele. Nikazunguka ukumbi mzima. Bibi akavuta sinia ya kahawa.

"Maashallah," akasema. "Haya, tunyweni."

"Bado mmoja," nikasema.

Nikafunga mlango. Mgongo ule ukatokea, umekwisha kupata vumbi. Nikasoma, na safari hii nilisoma polepole, si kwa kuogopa kukosea. "Kuachishwa ziwa si kuachishwa mama."

Hakuna aliyebahatisha picha iliyo upande wa pili. Bibi akakusanya vikombe vya watu ambao hawakuwa wamemaliza kunywa.

"Jumamosi," akasema. "Uoge vizuri."

Tulipanda gari asubuhi mpaka Chwaka, na kutoka Chwaka tukatembea pwani maji yakiwa yametoka, Bibi na buibui lake limekunjwa mpaka magotini, mimi mbele. Nilitazama kila upande kutafuta weupe wa milima. Niliona minazi, mawe, na bahari, bahari tupu, hakuna hata kilima cha kupandia mbuzi. Nikajiambia ziwa litakuwa nyuma ya minazi.

Harufu ya Uroa ilitufikia kabla ya nyumba zake. Ni harufu ya makumbi ya nazi yaliyofukiwa matopeni mpaka yakaoza, ambayo wanawake huyafukua na kuyapiga kwa magongo wapate nyuzi za kamba. Walikuwa kundi pale ufukweni, wanapiga na kuimba. Nilimwacha Bibi nyuma, nikawakimbilia.

"Shikamooni!"

"Marahaba, mgeni."

"Ziwa liko wapi?"

Magongo yakasimama. "Unataka nini, mwanangu?"

"Ziwa. La mama yangu. Nataka kulirudia."

Wakatazamana. Kisha mmoja, mrefu, mwenye pengo, akaweka gongo chini na kushika mbavu. "Jamani, kiumbe hiki! Meno yashang'oka, yameota mengine, bado kinataka ziwa!"

"Njoo basi," mwingine akasema, akijipiga kifuani, "langu limekauka, lakini utajaribu!"

Walicheka mpaka ndege wakaruka. Mimi nilibaki nimesimama na miguu yangu matopeni, na taratibu, kutokana na kile kifua kilichopigwa, maana ya neno ikanigeukia. Sikuwa na haja ya kuuliza mtu. Nilikuwa nimesoma ukuta mzima bila ya kukosea neno, na neno moja, lililonileta, nilikuwa nimelikosea tangu mwanzo.

Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa nyuma ya wengine, mikono imejaa matope mpaka viwikoni. Alikuwa mfupi kuliko wa kwenye picha. Alisema, "Raya?" na akaja, akasimama mbele yangu bila ya kunigusa, kwa ajili ya yale matope.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, safi, na mumewe, mtu mpole, alitusalimu kisha akatoka akatuachia. Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda na buibui lake mwilini, kama mtu aliyekuja kutoa pole tu. Nilimweleza mama yote, ziwa, milima, kidole cha Shangazi. Alinisikiliza akitabasamu. "Kile ni kitambaa, mwanangu," akasema. "Kimechorwa rangi. Unasimama mbele yake, mpiga picha anakwambia usipumue. Nyuma yake kuna ndoo na fagio." Kisha tabasamu likamtoka. "Ziwa nililoandika ni hili. Talaka ilipokuja ulikuwa bado unanyonya. Nikaambiwa mtoto anabaki. Sasa nitakuacha vipi na kiu? Nikajipaka shubiri. Ukawa unakuja, unaonja, unalia, unanitazama kama nimekutia sumu. Ukaja tena. Ukaonja tena. Mpaka ukakataa mwenyewe."

"Basi mbona ulikuja mjini kupiga picha, hukuja kunitazama?"

Mama akainama. "Nilifika mlangoni," akasema.

Nikamgeukia Bibi. Alikuwa anakunja ncha ya buibui lake, anaikunjua, anaikunja.

"Ulikuwa umelala," Bibi akasema, na baadaye kidogo, "Niliogopa ukiamka utamfuata."

Kulikuwa na sinia ya wali na pweza wa nazi imewekwa katikati ya chumba, na hakuna aliyeinyooshea mkono. Tangu talaka ile wawili hawa walikuwa hawajala pamoja. Hatimaye Bibi akasema, bila ya kumtazama mtu, "Mwenyewe ana akili zake. Aseme. Anakaa huku, au anarudi na mimi?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi maishani, kwa namna mbalimbali, na waume na waajiri na wenye nyumba. Sijapata kulijibu vizuri kama siku ile.

"Nataka huku na nataka kule," nikasema.

"Mtu hawi na kwao kuwili, Raya."

"Miye ntakuwa nako."

"Na nani atakuleta na kukurejesha? Magoti yangu haya?"

"Ntakuja mwenyewe."

"Kwa gari?" mama akauliza. "Peke yako?"

"Kwa miguu."

"Toka mjini mpaka Uroa, kwa miguu?"

"Nikichoka ntakaa chini. Kisha ntainuka." Na ili waone kwamba sifanyi mzaha, nikavaa viatu vyangu, nikafunga kamba, nikaenda kusimama mlangoni.

Bibi akamtazama mama. Mama akamtazama Bibi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu tulipoingia. Kisha Bibi akavua buibui, akalikunja, akaliweka kitandani, akaomba maji ya kunawa. Mama akammiminia. Bibi akakaa chini mkekani, akavuta sinia karibu, akamega tonge la kwanza, akamwekea mama upande wake.

"Njoo ule kwanza," akaniambia. "Mwendo wenyewe si mdogo."